Miaka Yangu Chini ya Magari

Wenzangu mnaobaki pale Ngara, siku ya kuagana mliniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa tangu nilipoingia. Nadhani mlikuwa mnasema tu kwa adabu, maana kila mmoja alikuwa na keki mdomoni. Lakini mimi nikiambiwa jambo hulichukua kama lilivyo, na sasa nina muda. Magoti yangu yamekataa kulala chini ya magari na daktari amekubaliana nayo. Basi someni. Mahali nimewasifu msijivune, na mahali nimewasema, mnajijua.

Sikuja Nairobi kutengeneza ekzosi. Nilitoka Bungoma nikiwa na cheti cha ushonaji, na binamu yangu akanipatia nafasi kwenye kibanda cha kushona sare za shule pale Ngara. Kilichotutenganisha na yadi ya Mzee Kariuki ni ukuta wa mabati. Yeye alikuwa akitengeneza mabomba ya moshi na sailensa za kila aina ya gari, na vumbi la grinda yake ya kusagia chuma lilikuwa likitua juu ya mashati yangu meupe. Tulijuana kwanza kwa ugomvi.

Siku moja akaja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi.

"Msichana, nisaidie na chaki."

"Ya nini, Mzee?"

"Kuna bomba inanisumbua. Nataka iwe nene huku na nyembamba huku, na kila nikikata mabati haifungani."

Nikamwambia hiyo ni kama mikono ya shati, inaanza pana begani na kuishia nyembamba kwenye kifundo. Nikachukua karatasi ya kaki, nikapima alichotaka, nikamchorea na kumkatia. Aliondoka nayo bila kusema asante. Baadaye nikasikia nyundo inagonga, kisha kimya. Akarudi na kile kipande cha bati kimeviringishwa, kingo zimekutana vizuri kuliko hata nilivyotarajia mimi.

"Na hizi shati unashona kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu ndiyo kazi niliyo nayo."

"Kesho kuja na suruali."

Nilikuja nimevaa suruali. Wale mnaofikiri kwamba mwanamke aliingia kazi hii kwa hotuba na maandamano, samahani. Niliingia kwa mkono wa shati.

Siku za kwanza sikushika mashine ya kuchomelea. Nilikwangua kutu, nikapanga nati na bolti kwa ukubwa, nikashikilia mabomba wakati Mzee anapima, na nikajifunza kunyamaza, jambo ambalo mnasema hadi leo sijalijua. Aliponiruhusu kuchomelea mara ya kwanza, alivua miwani, akatazama ile alama niliyoacha juu ya chuma, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Hii umechomelea ama kuku alipita hapa?"

Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Akanipa vipande vya bomba bovu nifanyie mazoezi. Jioni aliniambia kuku amepungua tumbo.

Wateja walinichelewesha kuliko chuma. Mtu alikuwa akifika, anainama chini ya gari, anaona viatu, anauliza, "Fundi ako wapi?" Mimi najisukuma kutoka chini na kusema, "Ni mimi." Mmoja aliwasha gari lake akaondoka papo hapo, na ekzosi yake inapiga kelele mpaka barabara kuu. Kesho yake alirudi. Nilimtengenezea, akashukuru, na hatukuizungumzia jana.

Sasa niwape mambo ya Mzee Kariuki jinsi alivyonipa, kwa sababu baadhi yenu mmeanza kutegemea mashine za kukunja mabomba na siku umeme ukipotea mnakaa kunywa chai. Mzee hakuwa na mashine ya kukunja. Alikuwa anachukua waya mnene, analala chini ya gari, anaukunja kufuata njia ambayo bomba litapita: juu ya ekseli, mbali na tangi la mafuta, mbali na sakafu, mbali na mipira ya breki. Akitoka chini, ule waya ndio ramani yake. Kisha anajaza bomba mchanga mkavu, anaushindilia, anaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, na kupasha moto mahali pa kukunja kwa gesi mpaka pawe pekundu. Mchanga unazuia bomba lisijibonyeze. Nasisitiza mkavu. Mchanga wenye maji ukipata moto ndani ya bomba lililozibwa, utafyatua kile kizibo kama risasi, na hutakuwa na nafasi ya kujieleza.

Na kama huna hata gesi, tafuta kona zilizokwisha kukunjwa. Pale Ngara na kule chini Barabara ya Kirinyaga kuna ekzosi kuukuu za magari makubwa, zimeoza katikati lakini kona zake ni nzima. Kata kona, ondoa kutu, unganisha. Watu wengi wamejitengenezea ekzosi nyumbani kwa njia hiyo, na mimi sijawahi kuwakatisha tamaa. Nawaambia mambo machache tu. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Toa waya wa betri kabla ya kuchomelea. Shika kwanza kila kiungo kwa tone moja moja la moto, funga bomba zima mahali pake, hakikisha raba za kuning'inizia zinacheza na hakuna kinachogusa kitu, ndipo ushushe na kuchomelea kabisa. Na usiniletee bomba la maji. Lile bomba jeupe la maji limepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe mtamu ambao usiku unakutetemesha kama malaria. Rafiki yetu Wafula alikunywa moshi huo mara moja, na tangu siku hiyo hata bomba la maji la kwake alimwita mtu mwingine kulitengeneza.

Mzee alipochoka alirudi Kinangop kulima viazi, na yadi ikabaki mikononi mwetu. Aliniachia ile nyundo yake ndogo na onyo kwamba nisiwe na haraka. Nilitunza nyundo.

Sitawachosha na kila gari. Lakini kuna lile la Kitisuru, mtaa wa matajiri, ambalo mnapenda kulisimulia vibaya, basi nililinde. Kijana mmoja wa kule alitaka gari lake lingurume. Nilimfanyia, kwa kiasi, na sailensa nikamwachia, ingawa alitaka niitoe. Wiki chache zikapita, akaja mama mmoja nadhifu, amejifunga leso kichwani, akiendesha gari lile lile.

"Wewe ndiye Mama Sailensa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mama yake. Mbwa wa jirani hawalali. Askofu alikuja kuomba na sisi nyumbani, kijana akatoka na gari katikati ya maombi. Nataka uzibe hii kitu, lakini asijue."

Nikamwambia kuziba naweza, lakini kumfanya asijue siwezi, maana kijana atawasha gari kesho asubuhi. Akafikiri. Akacheka mpaka akashika mlango. Akampigia simu mwanawe palepale, mbele yangu, wakaongea Kikuyu kwa muda, na mwishowe akanipa simu. Kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, unaweza kuifanya iwe ya heshima lakini isiwe ya uzee?" Hiyo ndiyo niliyoifanya. Sikuweka bati la siri wala tambara, kama mnavyosimulia.

Sasa nifike kwa Mwalimu Mbugua, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya mwisho na ndiyo nzuri kuliko zote.

Mkewe, Mama Wambui, alikuja yadini asubuhi akiendesha gari refu lenye nafasi kubwa nyuma, la Kifaransa, la zamani sana, vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Nilisikia tatizo kabla hajaegesha. Ekzosi ya kwanza ilikuwa imeoza, na mtu fulani akamwekea bomba moja nene lililonyooka na sailensa ndogo ya gari jingine. Gari likienda polepole lilikuwa sawa. Likifikia mwendo fulani, mvumo mzito ulijaa ndani, ule unaousikia kifuani kabla ya masikioni.

"Kelele si kubwa hivyo, mama," nilimwambia. "Wengi wanaishi nayo."

"Mzee wangu hawezi," akasema.

Ndipo akanieleza. Mumewe alikuwa mwalimu wa muziki, amefundisha kwaya maisha yake yote. Alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na mguu ukawa mzito. Daktari alisema mkono unaweza kurudi kama atafanyishwa mazoezi kliniki kila wiki bila kukosa. Lakini tangu ule ugonjwa, mvumo wa gari ulikuwa unamuumiza. Wakishaingia barabara kuu ya Waiyaki Way na kushika mwendo, anashika kichwa, anatapika. Magari mengine hawezi kupanda, ni hili tu lenye kiti cha kimo chake na mlango mpana. Mwishowe akakataa kabisa kutoka.

"Anasema afadhali akae na mkono mmoja," Mama Wambui akasema. "Na daktari anasema tukichelewa, hautarudi. Fundi, mimi nimeogopa."

Gari hakuweza kuliacha Ngara, kwa kuwa ndilo lililomfikisha sokoni, kanisani na duka la dawa. Na mimi nilitaka yule anayeumia awepo, maana masikio yangu hayakuwa yakisikia alichosikia yeye. Nikamwambia tutafanyia kazi nyumbani kwao, Mountain View. Nikapakia mashine ya kuchomelea, grinda, stendi, kona kadhaa kuukuu na sailensa mbili ndefu nilizozitoa kwenye magari yaliyokwisha kufa, nikaenda.

Mwalimu alikuwa ameketi barazani, shuka magotini, uso wa mtu anayesahihisha mtihani.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Naitwa Nasimiyu."

"Hiyo gari siingii."

"Sikuja kukuingiza. Nimekuja kukuuliza inalia vipi."

Alinitazama. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Wote walimwambia atazoea. Akafumba macho, kisha akatoa sauti ya chini sana kifuani, moja tu, akaishikilia. Mkewe akageuka upande. Ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia yadini.

"Mama Wambui, lete kinanda," akasema.

Kilikuwa kinanda kidogo cha betri. Akakiweka mapajani, akabonyeza kwa mkono wa kushoto funguo za chini kabisa, moja baada ya nyingine, mpaka akaufikia mmoja, akaurudia. "Ni huyu. Si huyu jirani yake, ni huyu." Nilinyoosha mkono nijaribu. "Usiguse na hiyo grisi," akaniambia, na hapo nikajua tutaelewana.

Nilianza na yale yanayofahamika. Nilitoa bomba lote baya, nikakunja waya chini ya gari kama nilivyofundishwa, nikajenga njia mpya kutoka injini hadi nyuma kwa kona kuukuu, nikaweka sailensa moja katikati na nyingine nyuma. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na Mwalimu alikaa barazani akinipa maoni kuhusu grinda, kwamba iko nje ya sauti. Nilipomaliza, nikawasha injini kidogo, nikaziba mdomo wa bomba kwa tambara na kupaka viungo povu la sabuni kuona kama hewa inatoroka. Hakuna povu lililochemka. Nikazima, nikatoa tambara, na Mama Wambui akawasha gari. Laini kabisa. Akakanyaga mafuta taratibu, taratibu, na palepale ukaja ule mvumo, mdogo kuliko kwanza, lakini ule ule.

Mwalimu akashika paji la uso. "Bado yupo," akasema, na akaomba arudishwe ndani.

Jioni ile nilikusanya vifaa bila furaha. Kumbukeni, hadi hapo gari lilikuwa zuri. Mteja mwingine angenishukuru na kunipa soda. Lakini hili halikujengwa kwa ajili ya mteja mwingine.

Nikakumbuka kitu ambacho Mzee Kariuki alikifanya mara chache, akikiita tawi. Ni bomba lililozibwa upande mmoja, linalochomelewa ubavuni mwa bomba kuu. Moshi haupiti humo. Sauti ndiyo inaingia, inagonga mwisho, inarudi, na ikirudi kwa wakati wake inakutana na sauti inayokuja na kuifuta. Ikirudi mapema au ikichelewa, haifanyi lolote, umebeba chuma cha bure. Kila kitu ni urefu, na urefu sikuujua.

Asubuhi nikamweleza Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi wima.

"Hiyo ni filimbi," akasema. "Filimbi iliyozibwa chini. Kila urefu na sauti yake. Nikikupa sauti, urefu unapatikana."

"Lakini ndani ya bomba kuna moto, Mwalimu. Moto utabadilisha."

"Utaipandisha. Basi anza na ndefu kidogo."

Tukakubaliana nitengeneze tawi la vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine na kufungwa kwa klampu ya kukaza, ili nivute au nisukume tukitafuta. Nililichomelea bomba la kwanza ubavuni, nikalilaza chini ya sakafu sambamba na bomba kuu, nikavisha la pili. Kisha nikasema jambo lililokuwa gumu kusema. Nje ya gari mvumo unasikika kwa mbali tu, hautoshi kupimia. Mtu wa kuusikia lazima aingie ndani, na mtu mwenyewe ni yeye.

Mama Wambui akasema, "Fundi, hapana."

Mwalimu alisukuma shuka kando. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto ili asaidiwe kusimama. "Mlango ubaki wazi," akasema. "Na ndoo iwe karibu."

Alikaa kiti cha mbele. Mkewe akakanyaga mafuta mpaka mvumo ukaja, akaachia. Mwalimu alikuwa ametoka jasho. "Fupisha." Nikalegeza klampu, nikiwa na glavu, maana bomba lilikuwa linawaka, nikasukuma upana wa kidole. Tena. "Fupisha." Tena. Mara moja alitapika, akafutwa mdomo, akanywa maji. Mkewe akanitazama kwa macho ya kuniomba niache, na mimi nilikuwa tayari kuacha.

"Mwalimu, tupumzike mpaka kesho."

"Kwaya huwezi kuiacha katikati ya wimbo," akasema. "Fupisha."

Nikasukuma kidogo sana. Mama Wambui akakanyaga. Injini ikapanda, ikafika pale mahali, ikapita. Tukatazamana. Akaachia, akakanyaga tena, akashikilia palepale pabaya. Tulisikia injini inafanya kazi, tukasikia jogoo wa jirani, tukasikia watoto ng'ambo ya ua. Mvumo haukuwepo.

Mwalimu alikuwa amefumba macho, na midomo yake inatafuta ile sauti, na haipati.

"Ameenda," akasema hatimaye. "Choma hapo hapo, usiguse kitu."

Sijawahi kuchomelea kwa uangalifu hivyo. Mzee Kariuki angetafuta kuku asimwone.

Siku ya kliniki wakaniomba niende nao, isije bomba likaamua vingine barabarani. Nikakaa nyuma, mkoba wa vifaa mapajani, masikio yote chini ya sakafu. Tukaingia Waiyaki Way, Mama Wambui akishika usukani kama anayebeba mayai. Gari likashika mwendo. Niliona mabega ya Mwalimu yakipanda, yakisubiri maumivu. Tukapita ule mwendo ambao mvumo huanza, tukaendelea, na mabega yakashuka polepole. Tukafika kliniki pale Westlands. Alifanyishwa mazoezi, akalalamika kwamba binti anayemfanyisha anahesabu bila mdundo, na akakubali kurudi wiki ijayo. Hajakosa hata moja tangu hapo. Leo anafunga vifungo vya shati mwenyewe, na Jumapili anaongoza kwaya akiwa ameketi, mkono wa kulia ukichelewa kidogo nyuma ya wa kushoto. Waimbaji wamejifunza kuufuata.

Lakini siku ile tulipokuwa tunarudi, Mama Wambui alipunguza mwendo na kuwasha taa ya kukata kona kuingia Mountain View.

"Usikate," Mwalimu akasema.

"Baba Wambui, nyumbani si ni hapa?"

"Najua nyumbani ni wapi. Endelea."

"Tuende wapi?"

"Mbele."

Akazima ile taa. Tukapita Kangemi, tukapita Uthiru, mashamba yakaanza kuonekana upande wa mji wa Kikuyu, na mwanamke mmoja kando ya barabara alikuwa anachoma mahindi. Mwalimu akataka mahindi. Akasimulia jinsi alivyomleta Mama Wambui njia hii wakiwa wachumba, gari likiwa jipya, na Mama Wambui akasema si kweli, siku hiyo walikuja kwa miguu, wakabishana mpaka wote wawili wakacheka. Mimi huko nyuma nilikuwa nimeuweka mkoba chini. Nilishtuka kidogo nilipogundua kwamba sisikilizi bomba tena, nakula mahindi tu na kutazama nje.